Betri Zenye Mwandiko Wangu

Mwandiko wangu naufahamu. Namba 7 naikata kiunoni kwa kistari, tabia niliyoipata shule ya msingi kwa mwalimu wa hesabu na sijaiacha mpaka leo. Kwa hiyo Jumapili ile nilipovuka kwa pantoni kutoka Mtwara mjini kwenda Msanga Mkuu kununua samaki, nikakuta maganda meusi ya betri yamerundikwa chini ya mnazi, sikuhitaji kuuliza yametoka wapi. Ganda la juu lilikuwa na maandishi ya rangi nyeupe: MAABARA 2, namba 17. Niliyaandika mimi, siku tulipofunga UPS, zile mashine zenye betri za kushikilia umeme ukikatika, kwenye chumba cha kompyuta cha taasisi ninayofanyia kazi.

Hatua chache mbele, mzee mmoja mvuvi alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga. Juu ya mafiga sufuria, na ndani ya sufuria risasi, ile metali nzito ya kwenye betri, imeyeyuka, inang'aa kama kioo kila anapousogeza ule utando wa kijivu unaotanda juu yake. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu. Moto wa kuni na vifuu unatosha kabisa. Alikuwa akichota kwa kopo lililofungwa mpini wa waya, anamimina kwenye vishimo alivyovibonyeza mchangani, anasubiri, anazitoa: chubwi, vizito vya kuzamishia nyavu. Mjukuu wake, wa miaka minne au mitano hivi, alikuwa akiziokota zilizopoa na kuzipanga mstari. Moja alikuwa ameitia mdomoni, anaimumunya kama pipi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Samaki wapo, ila leo changu tu."

Nilimwambia kwanza amtoe mtoto kile kitu mdomoni. Alimtoa upesi, akamfuta kwa kanzu yake, kisha akanitazama kama anayengoja maelezo. Nikamwambia risasi ni sumu, na kwa mtoto ni sumu zaidi. Akanijibu bila ubishi wowote: "Mbona risasi tunayo miaka yote? Baba yangu alikuwa nazo." Halafu akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Na nyavu nizizamishe kwa kitu gani?"

Betri alizinunua kwa vijana wa skrepa, upande wa pili, mjini. Hakuiba wala hakufanya jambo la siri. Alinunua mali, akailipia.

Miezi miwili kabla ya hapo, zilitoka getini kwetu zikiwa juu ya guta. Taasisi yenyewe sitaitaja. Inatosha kusema ni ya umma, ni kubwa, ina ofisi, madarasa, mabweni na zahanati yake, na iko karibu na bahari. Mimi ni fundi wa TEHAMA hapo. Wakaguzi walikuwa wanakuja, stoo ilikuwa haipitiki, na betri za UPS ndizo zilizokuwa mlangoni, nyingine zimevimba, nyingine zimepasuka pembeni. Tulikubaliana, mimi, mtu wa bohari na mtu wa ugavi, kwamba betri mbovu si mali, ni takataka. Hati ya kutolea vitu getini ilikuwa na sahihi tatu, ya kwangu ikiwa ya katikati. Kijana wa guta alizichukua bure na akatushukuru. Tulifurahi kwamba hatujalipa hata senti kuzibeba.

Betri moja ya UPS ndogo ina uzito wa kama kilo mbili, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni risasi. Tulitoa 40. Piga hesabu mwenyewe ni risasi kiasi gani tuliyoipeleka mtaani kwa mkono wetu, na vile vitambaa vyeupe vya ndani vilivyolowa tindikali, ambavyo pale Msanga Mkuu nilivikuta vimetupwa penye mizizi ya mnazi, kuku wanavipekua.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kile anachofyonza mtu mzima kutoka chanzo kilekile. Haimuui mtoto mara moja ili watu washtuke. Inamharibu ubongo polepole, anakuwa mzito wa kujifunza, na nyumbani watasema tu huyu hana akili ya shule. Hili ndilo lililonikosesha usingizi usiku ule. Mtoto yule hatajua kamwe kwamba kulikuwa na hati ya getini.

Sikuweza kumwambia mzee aache uvuvi. Tulikaa tukazungumza muda mrefu, mpaka pantoni ya saa tisa ikaondoka bila mimi. Alikubali mambo mawili: watoto wasisogee kabisa kwenye kazi ile, na sufuria ile isirudi jikoni. Ndiyo, ilikuwa inarudi jikoni. Ilikuwa sufuria ya nyumbani, inasuguliwa kwa mchanga na majivu, jioni inapikiwa ugali. Nilimlipa pesa ya sufuria mpya na ile ya zamani nikaondoka nayo kwenye mfuko wa sandarusi. Maganda ya betri nayo nikayachukua, na vile vitambaa, kwa kutumia majani ya mnazi nisivishike kwa mkono.

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wangu na ganda namba 17.

"Umeona mwenyewe?"

"Nimeona mwenyewe, mkuu."

"Na sahihi ni yako."

"Ni yangu."

Alinyamaza kwa muda, analigeuzageuza lile ganda mezani. Kisha akasema: "Kaa uandike tunachotakiwa kufanya. Habari ya nani alikosea iache." Namshukuru kwa maneno hayo mpaka leo, kwa sababu kama angetafuta wa kumwadhibu, kila mtu angefunga mlango wake na stoo ingebaki vilevile.

Na stoo ndiyo ilikuwa tatizo lenyewe. Nimefikiri sana kwa nini taasisi kubwa hujaza vyumba vizima vya kompyuta zilizokufa, na jibu nililolipata ni hili: hakuna mtumishi aliyewahi kuitwa kujieleza kwa sababu ameiacha printa mbovu stoo miaka 12. Anaitwa kujieleza kwa sababu ameitoa. Kwa hiyo kila mtu mwenye busara anaiacha. Anahamishwa, anakuja mwingine, naye anaongeza zake juu. Mpaka siku mlango haufungiki, ndipo watu waoga wanafanya kwa haraka jambo ambalo wangelifanya kwa utaratibu miaka mingi nyuma.

Utaratibu upo. Mali ya serikali ikichakaa, kuna wahakiki mali, kuna kibali cha Wizara ya Fedha, kuna mnada. Hii njia watu wetu wa ugavi wanaijua hata usingizini. Njia ya pili ndiyo tuliyokuwa hatuijui: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kanuni za mwaka 2021 zinazohusu taka za vifaa vya umeme na kielektroniki, ambazo zinataka taka hizi zishikwe na mtu mwenye kibali, kuanzia anayezikusanya mpaka anayezichakata. Ofisi ya kanda ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, iko mjini hapa hapa Mtwara. Kwa miaka yote hiyo hakuna kati yetu aliyekwenda kugonga mlango kuuliza. Njia ya kwanza inamaliza hesabu ya vitabu tu. Mnada ukishafanyika, kompyuta imetoka kwenye rejista, mkaguzi anaridhika, lakini aliyeshinda mnada anataka kopa, yaani shaba, na alminiamu tu. Kioo atakitupa bondeni, plastiki ataichoma. Ni lazima uzipitie njia zote mbili, na bora zianze pamoja, maana kila moja ina barua zake na kila barua ina siku zake.

Tulitumia wiki tatu kuhesabu. Bahari ilikuwa imefanya kazi yake: hewa ya chumvi ilikuwa imezila mazabodi, kutu ya kijani imefunika miguu ya vipuri, nyingine ukizigusa zinamomonyoka vidoleni kama mkate mkavu. Tulivaa barakoa na glavu. Kila kitu kiliandikwa namba yake ya kiwandani, namba ya taasisi, na hali yake, kisha kikapigwa picha kabla ya kusogezwa. Nasisitiza picha kwa sababu kati ya kuhesabu na kuondosha ilipita miezi, na katika miezi hiyo ndipo kompyuta inapopungua uzito: leo haina memori, kesho haina diski, na mwisho mnabaki na boksi la bati. Tulifunga mlango kwa kufuli mbili, funguo kwa watu wawili tofauti.

Zile skrini za chogo ndizo zilizonitia hofu kuliko vyote. Kulikuwa na ukuta mzima. Kibarua mmoja, kijana hodari, alishika nyundo akataka kuvunja shingo ya kioo ili atoe ile koili ya shaba inayoizunguka. Kwake ile ni kopa, ni pesa ya chakula. Nilimshika mkono. Ndani ya kile kioo hakuna hewa, ukikivunja vibaya kinalipuka kwenda ndani na vipande vinarudi usoni. Kioo cha nyuma, chenye umbo la faneli, kimetengenezwa kwa risasi, na kwa ujumla skrini moja inaweza kuwa nayo kilo nzima au zaidi. Na umeme wa maelfu ya volti unaweza kubaki umejificha humo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Nilimwonyesha namna ya kuibeba: uso wa skrini unaelekea kifuani kwako, kwa kuwa uzito wote uko mbele, na shingo iko nyuma, huigusi. Alibeba zote hivyo, bila kuvunja hata moja. Mwisho wa kazi tulimwongezea posho kutoka mifukoni mwetu, maana tulimnyima kopa yake na hilo lilikuwa haki yake kulalamikia.

Betri za laptopu zilizovimba tuliziweka nje kivulini, kila moja kwenye ndoo ya mchanga mkavu, mbali na kuta. Hazitobolewi, hazibonyezwi. Betri za UPS zilizobaki tulizifunika nchani kwa utepe wa fundi umeme, zikasimamishwa wima kwenye beseni za plastiki. Unga wa tona, ule wino mkavu wa printa, tulifuta kwa kitambaa chenye maji. Ukiufagia unapaa, mnauvuta nyote.

Halafu zikaja diski.

Kamati ya uondoshaji ilikuwa na watu saba, na wengi waliamini kwamba kompyuta ikishafomatiwa ni tupu. Sikutaka kubishana. Nilichukua diski moja iliyofomatiwa kutoka kwenye rundo, bila kujua ilikuwa ya ofisi gani, nikaiunganisha kwenye laptopu yangu mbele yao, nikaendesha programu ya bure ya kurejesha mafaili. Kufomati kwa haraka ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu. Sura zote bado zipo. Baada ya dakika 20 majina yakaanza kushuka kwenye skrini. Ilikuwa diski ya zahanati. Majina ya wanafunzi, tarehe, vipimo, majibu ya vipimo. Mama mmoja wa kamati, ambaye ana binti aliyesoma pale, aliinuka akafunika skrini kwa daftari lake. Akasema: "Inatosha, fundi. Zima."

Tangu hapo hakuna aliyeuliza kwa nini nataka siku za ziada. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, lakini katika chumba kile haikuwa sheria iliyowashawishi watu.

Diski za kuzunguka zilizokuwa bado zinawaka niliziandika juu kwa sifuri mwanzo mpaka mwisho. Kwa diski za kisasa mara moja inatosha. Ile habari ya kurudia mara 7 ni ya zamani. Diski ya GB 500 inachukua kama saa moja na nusu, kwa hiyo nilikuwa naziacha nne nne zikifanya kazi usiku. Zilizokufa tulizitoboa kwa drili, matundu matatu kupita kwenye sahani zake. Zile za SSD, zisizo na sahani ya kuzunguka, hazitaki kuandikwa juu, kwa sababu zinajihamishia data zenyewe na sehemu nyingine huwezi kuzifikia. Zinatumia amri yake maalumu ya kujifuta, na ikishindikana zinasagwa. Na mtu akumbuke mashine ya fotokopi. Zile kubwa za ofisi nyingi zina diski ndani, na hutunza sura za karatasi zilizopita juu yake. Yetu ilikuwa imepigiwa mitihani.

Kulikuwa na wazo la kuzigawa kompyuta kwa shule za sekondari vijijini, Newala na Tandahimba. Lilitolewa kwa moyo mzuri na nililipinga. Shule ninazozijua zimeshapewa sana vitu vya namna hii: kompyuta sita, mbili zinawaka, zinafunikwa kitenge, picha zinapigwa, na baada ya mwaka mwalimu mkuu ndiye mwenye stoo ya taka, na hana gari wala bajeti ya kuziondoa. Tulichokubaliana ni kwamba mashine itakayotolewa iwe imewashwa ikafanya kazi saa nane mfululizo bila kuzima, iwe na chaji au waya wake, na kwenye barua ya makabidhiano taasisi iahidi kuipokea siku itakapokufa. Zilizofaulu zilikuwa 11. Ni chache, lakini hazijarudi.

Zilizobaki zilitakiwa kwenda Dar es Salaam, kwa mchakataji mwenye kibali. Ni kilomita zaidi ya 500, na gharama ya lori kwa mzigo wetu peke yetu ilimfanya mhasibu aifunge faili. Tukaandikia taasisi nyingine za mjini na za Lindi tukiuliza nani ana stoo kama yetu. Wote walikuwa nayo. Tatu zilikubali tuchange lori moja. Hili nalipendekeza kwa yeyote aliye mbali na Dar: usisubiri mzigo wako ujae, unganisha.

Lori lilikuwa liondoke mwanzoni mwa Mei 2024. Kikaja Kimbunga Hidaya, mvua ikaikata barabara kule Somanga, Kilwa, mabasi na malori yakakwama pande zote. Mzigo wetu ulikuwa umeshapakiwa. Tuliushusha wote, skrini moja moja, tukaurudisha ndani usilowe, kisha tukaupakia tena barabara ilipofunguka. Watu walichoka mno. Kuna aliyesema tuuze tu hapa hapa, nani atajua. Sikumjibu, nilikwenda kuleta ganda namba 17 nikaliweka juu ya boneti ya lori, tukaendelea kupakia.

Lilipofika, walituma hati yenye kilo. Ilipungua kilo 60 kwenye zile tulizopima sisi. Mkuu alisema ni kidogo, tusiwasumbue watu. Nilipiga simu. Walipima upya wakiwa na mimi kwenye simu, na kilo zile zilikuwa ni mbao za kupakilia, ambazo sisi tulizipima pamoja na mzigo. Nilishusha pumzi. Ingekuwa ni betri, ningetaka kujua ziko kwa nani.

Kwenye orodha ya mzigo, mstari wa mwisho kabisa uliandikwa: sufuria 1, ya alminiamu, imechafuka risasi. Mtu wa ugavi alitaka kuufuta kwa kuwa sufuria haina namba ya taasisi. Nilimwomba auache, akauacha.

Sasa mkataba wetu wa kununua betri unamtaka muuzaji achukue za zamani siku anapoleta mpya, moja kwa moja, namba kwa namba. Mzee wa Msanga Mkuu nimemtembelea mara tatu. Nyavu mbili anazizamisha kwa nati za chuma na vipande vya zege alivyovifinyanga kwenye makopo, na anasema zinanasa mawe kuliko chubwi. Ya tatu bado ina zile za kwetu. Mara ya mwisho alinitolea betri ya pikipiki aliyoiokota ufukweni, ameifunga kwenye nailoni, akaniuliza kama ofisini tunaipokea. Ofisini hatuna fungu la kupokea vya nje. Niliivusha kwenye pantoni nikiwa nimeipakata wima, na Jumatatu nikampelekea muuzaji wetu wa betri.